Besi ya Mama Mkwe

Ukitaka kujua ukumbi mzuri wa muziki hapa Nairobi, usiwaulize wanaoketi ndani. Nusu yao wanapiga picha na nusu wanapiga domo. Niulize mimi niliyesimama nje miaka mingi.

Mjini kuna mmoja ulio juu ya duka la mabegi. Ukiketi chini kwenye benchi la wang'arisha viatu, unapata muziki wote kasoro mwimbaji, na mwimbaji mwenyewe si hasara kubwa. Kuna mwingine Upper Hill, kwenye paa la ghorofa la vioo, ambapo aliye chini hapati kitu isipokuwa upepo na walinzi wenye maswali mengi. Bora kuliko yote ni ile bustani ya nyama choma karibu na Adams Arcade. Nyuma yake kuna vijana wanaoosha magari, na kati yao na jukwaa kuna ukuta wa mabati tu. Bati halizuii besi, linaiitikia.

Naitwa Kiema, mtu wa Makueni. Nachapisha kadi za harusi na mabango ya mazishi katika kiwanda kidogo cha River Road, nina mke na mtoto wetu Kanini, na sina kesi na mtu. Kiingilio ninacho. Sikusimama nje kwa sababu ya ufukara, na atakayesema hivyo mbele yangu tutajuana. Nilisimama nje kwa sababu anayepiga besi ni mama mkwe wangu.

Kwetu Ukambani tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake. Humkodolei macho, hali mbele yako wala wewe huli mbele yake, na kucheza ngoma mahali alipo ni kujitafutia laana. Wajaluo nao, ambao kwao ndiko nilikooa, wanayo yao. Humwita mama mkwe *maro*, na kijana wa kiume akimwona maro anakuja upande huu wa barabara, yeye huvuka upande ule. Kwa hiyo mimi nimebanwa na mila mbili, moja ikinisamehe nyingine hainisamehe. Wapo watu wa siku hizi watakaosema haya ni mambo ya kale. Waseme. Wao hawajui nilichopata kwa kuyashika.

Jina lake nitalitaja mara moja ili tusipoteane. Ni Peres, binti wa Ugenya. Alikuja Nairobi kwa dada yake Kawangware akiwa msichana, akaingia bendi inayoitwa Siala Jazz kama mcheza shoo, wale wanaovaa sketi za nyuzi na kusimama nyuma ya wapiga gita. Alasiri moja mpiga besi alikuwa amekwenda kwao kuzika, na mazishi ya kwao unayajua, mtu huaga siku mbili akarudi mwezi ujao. Watu walikuwa wamejaa na kiongozi wa bendi anakuna kichwa. Peres akasema, "Nipe hiyo gita." Wakacheka. Lakini alikuwa amecheza nyuma ya besi ile muda mrefu hata miguu yake ilijua kila noti inaangukia wapi. Alichofanya ni kuihamisha tu, kutoka miguuni kwenda vidoleni. Mpiga besi aliporudi kutoka matangani alikuta kazi imepata mwenyewe.

Siku za wiki alikuwa akifanya kazi ya dobi katika hospitali moja kubwa. Mkono uliozoea kukamua mashuka ya wodi nzima hauwezi kuogopa waya wa besi. Mumewe alipomwambia achague ndoa au gita, alimkunjia nguo zake vizuri, pembe kwa pembe kama mashuka ya hospitali, akamwekea sanduku mlangoni. Akamlea binti yake Ivyne peke yake, akamsomesha, na hakukosa jukwaani Jumapili hata moja isipokuwa ile aliyojifungua. Huyo ndiye mama mkwe wangu. Nikimsema najivuna, na sina mpango wa kuacha.

Sasa kichekesho ni kwamba mimi nilimjua yeye kabla ya kumjua binti yake.

Nilipokuwa kapera, Jumapili yangu ilikuwa ni muziki. Nilitoka kanisani nikabadilisha viatu. Nilizunguka kumbi zote, benga ya Kikamba huku, rumba kule, vijana wa saksafoni mjini, hadi nikafika ile bustani ya Adams na kumwona mama mmoja aliyevua viatu, amesimama peku juu ya jukwaa, gita kubwa kifuani, uso hauna habari na mtu. Na besi inatembea. Nilichukua meza ya mbele kabisa na sikuiacha tena. Niliomba wimbo uleule kila wiki, ule unaoanza na besi peke yake. Nilicheza mbele yake, na sichezi kwa aibu, nacheza kwa kiuno. Nilikuwa nikipiga kelele, "Mathe, umetuua!" Yeye hakuwahi hata kutabasamu, lakini wimbo niliupata.

Ivyne nilikutana naye kwingine kabisa. Alikuja kiwandani kuchapisha kadi za shirika analofanyia kazi, akazikataa zote kwa sababu rangi ilipotoka kidogo, na mimi mtu akinigombeza kwa haki humpenda papo hapo. Alikuwa ameniambia mama yake alistaafu udobi. Habari ya gita aliificha, kwa sababu wanaume wawili waliotangulia walikimbia waliposikia mama mkwe mtarajiwa anapiga muziki baani.

Ikafika siku ya kujitambulisha. Tulikwenda kwao Riruta, mimi na mjomba wangu Kimanzi aliyekuwa msemaji wetu, tumevaa suti tumebeba sukari na blanketi. Tukakaribishwa, tukaketi, mjomba akaanza maneno yake ya kuzunguka mbuyu. Pazia la jikoni likasogea, akatoka mama na leso mabegani. Tukatazamana.

Nilihisi kiuno changu chote kinaniuma kwa wakati mmoja. Yeye alisimama kidogo tu, akainamisha macho, akatusalimu sote kama mtu asiyewahi kutuona duniani. Kisha akarudi jikoni. Ivyne alikuwa akinitazama mimi, hakuelewa kwa nini nimelowa jasho. Mjomba Kimanzi alipojua baadaye, alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari.

"Kiema, si ungeambia watu ulicheza mbele ya nani?" akasema. "Sasa hiyo imepita, haukujua. Lakini from today, wewe na hiyo jukwaa ni bye bye."

Siku hiyo nilipata mke nikapoteza bendi. Nilikaa Jumapili chache nyumbani nikinuna, nikigombana na redio. Ndipo nikafikiri jambo. Mila inasema usimwone. Haikusema usimsikie. Nikavaa viatu, nikaenda Adams, nikapita lango bila kuingia, nikazunguka hadi kwa waosha magari. Nikageuza ndoo nikaikalia, mgongo kwenye bati. Na besi ikaja. Gita zile ndogo zilibaki ndani na mwimbaji akabaki ndani, lakini besi haibishi hodi. Ilipita kwenye bati ikaingia mgongoni mwangu. Nilijua nimefika.

Wimbo wa tatu haujaisha nikaona mhudumu anazunguka kona na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa nje.

"Imetoka kwa Mama," akasema. "Amesema ukule umalize, na usirudishe mfupa ikiwa na nyama."

Nikafunua. Ilikuwa kuku. Ujaluoni mkwe akija, kuku hufa, hilo halina mjadala. Nani alimwambia niko pale sikujua, labda waosha magari, labda alijua tu. Na sahani haijafika mwisho, nikasikia ndani wimbo wangu unaanza, ule wa besi peke yake. Tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Mimi nje, yeye ndani, bati katikati, kuku kila Jumapili. Tukikutana Riruta kwenye sherehe za mtoto hatusemezani zaidi ya salamu. Lakini hakuna watu wawili katika ukoo wetu wanaoelewana kuliko sisi.

Taabu ilianza bendi ilipopata kiongozi mpya. Anaitwa Joash, mpwa wa yule wa zamani, kijana wa kupiga pasi hadi kamba za viatu. Bustani moja kubwa ya Karen ilikuwa ikitafuta bendi ya kupiga kila Jumapili mwaka mzima, na kila bendi mjini ilikuwa ikiitamani. Joash akaanza kusema Mathe amechoka, Mathe ni wa kitambo, watu wa Karen wanataka sura changa. Alikuwa ameshampata kijana mwenye besi ya nyuzi tano. Wazee wa bendi walipolalamika, alikata shauri hivi: siku ya kujaribiwa, Mama atapiga kabla ya chakula, kijana atapiga baada ya chakula, na meneja wa bustani achague.

Ivyne aliniletea habari hiyo akiwa amefura.

"Imagine, Baba Kanini," akasema. "Mama ndio amebeba hiyo bendi mgongoni, sasa anafanyiwa interview."

"Na yeye amesema nini?"

"Amesema tu, 'Wacha wasikie.'"

Nilijua maana yake. Mama huyu hakuwa na kitu kingine alichokipenda kwa ajili yake mwenyewe. Udobi ulikuwa wa karo, nyumba ya Riruta ni ya wajukuu. Besi ilikuwa yake. Wakimshusha jukwaani, watakuwa wamemshusha kila mahali.

Jumapili ya kujaribiwa Ivyne aliingia na mamake, mimi nikaenda kutafuta ukuta. Hapakuwa na ukuta. Karen wanapanda ua wa michongoma mnene kuliko nyumba, na nyuma ya ua kuna nyasi kama uwanja wa shule, na jukwaa liko huko mwisho. Nilijaribu upande wa barabara, kwa wauza miche ya maua, nikasikia ndege. Nilijaribu nyuma, mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikarudi kwa wauza miche nikaketi kati ya vyungu nikiwa na hasira na kila mti. Watu matajiri hata sauti wanaizungushia ua.

Simu ikalia. Ni Ivyne, ananong'ona.

"Uko wapi?"

"Nje. Sisikii kitu."

"Baba Kanini, mambo ni mbaya. Mama anapiga kama mgeni ameogopa kuvunja kikombe. Joash anacheka na meneja. Na Mama anaangalia tu huku nyuma, anatafuta mabati, na hakuna. Sai wamepumzika kidogo akaniuliza kitu moja."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, 'Yule wa nje amekula?' Nikamwambia uko mbali, husikii. Tangu hapo ameshikilia gita tu."

Nilikata simu. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayekwenda kuchukua kitu pale kwenye bati. Sikujua kwamba ninaacha kitu pia.

Nilinyanyuka nikaenda langoni. Tikiti nilinunua, naomba hilo liandikwe. Lakini nilipofika kwa mlinzi miguu ilikataa. Ni mtu wa makamo, jina lake limeshonwa kifuani: Nthiwa. Nilipoliona tu nikapumua. Huyu ni wa kwetu.

"Ingia, boss," akasema. "Unangoja nini?"

"Tikiti ninayo. Shida ni mthoni wangu. Ako kwa stage. Ndiye anapiga besi."

Mtu wa kabila lingine angecheka. Nthiwa alivua kofia.

"Mthoni wako mwenyewe? Mama ya bibi?"

"Mwenyewe. Na lazima nifike pale mbele."

Alifikiri, akaangalia jukwaa kwa mbali, akaniangalia mimi. Kisha akanishika kiwiko.

"Geuka," akasema. "Utaenda kinyumenyume. Mimi nitakuwa macho yako."

Hivyo ndivyo nilivyoingia bustani ya Karen, mimi Kiema mwana wa Nzioka, nikirudi nyuma kama gari linaloegeshwa, mlinzi ananiongoza kati ya meza. "Kushoto. Chunga mtoto. Hapo kuna kiti. Inua mguu." Watu waliacha kutafuna. Nilikuwa nikiwaona wote usoni kwa sababu wao walikuwa upande wangu, na wengi walidhani nimelewa. Niliinua kichwa. Sijawahi kutembea kwa fahari kama siku ile niliyotembea kinyume.

Kwenye muziki wa Wajaluo kuna pakruok. Mtu hutia chochote kwenye beseni, bendi hupunguza sauti, naye hupewa kipaza sauti ajisifu, asifu kwao, ng'ombe zao, mito yao. Nilipofika mbele, bwana mmoja alikuwa anamalizia kujisifu kwa shamba la miwa. Nthiwa akanitilia noti yangu kwenye beseni na kunikabidhi kipaza sauti. Nilikuwa nimesimama chini ya jukwaa, mgongo kwake, uso kwa watu.

"Mimi ni Kiema," nikasema. "Mtoto wa Nzioka, Makueni. Sijui kujisifu Kijaluo, mtanisamehe. Na leo sijisifu mimi. Nasifu mtu mwenye siwezi taja jina, na siwezi geuka nimwone."

Meza moja ya akina mama ikaanza kunong'ona. Nikaona mmoja anaziba mdomo. Ameelewa.

"Alinipa bibi. Akanipa kuku. Alilea mtoto wake na mashuka ya wagonjwa, na hii besi. Nimemsikia kupitia mabati tangu nioe, na nawaambia, muziki yote ya hii Nairobi nimezunguka, sijapata mkono kama huo. Wengine wako na mama mkwe anauza duka. Wangu anatembeza nchi na waya nne."

Sasa walikuwa wakipiga meza. Nikangoja kidogo.

"Maro," nikasema, na sauti ikanitoka vibaya, "uliuliza kama mtu wa nje amekula. Bado hajala. Ameingia ndani kukula. Piga."

Nilisikia mtu anavua viatu juu ya mbao za jukwaa. Nilizijua hizo nyayo. Kisha ukaanza wimbo wangu, besi peke yake.

Miaka mingi nilikuwa nimeisikia kupitia bati, na bati hukupa tumbo la besi tu. Nilikuwa nimesahau kwamba ina ngozi. Nilisikia kidole kinavyoburuta kwenye waya, ukucha unavyogusa, pumzi yake kabla ya kubadilisha. Nililia waziwazi, mbele ya watu wa Karen na mvinyo wao. Sikucheza, mila ni mila. Nilisimama wima kama mlingoti na wao wakacheza kwa niaba yangu. Nyasi zote zilijaa. Yule bwana wa miwa alikuwa katikati, koti begani. Wapiga gita waliingia mmoja mmoja, na nasikia Joash mwenyewe aliingia kwa kuchelewa kwa sababu alikuwa amesahau kufunga mdomo.

Wimbo ulipoisha, likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Siala Jazz. Mama alisogea kwenye kipaza sauti. Huyu mtu hasemi jukwaani, hajawahi hata kusema habari za jioni. Ivyne aliniambia baadaye kwamba kwanza aligeuka akawapa watu mgongo, ili asinitazame kisogo, ndipo akanena.

"Mimi ni nyar Ugenya, binti wa Ugenya," akasema, taratibu. "Leo Joash amesema watu waniangalie, waseme kama natosha. Asanteni kwa kuniangalia. Lakini nyinyi wote mnaniangalia tu. Huyu mwenye amenipa mgongo ndiye ananisikia."

Kisha akapaza sauti.

"Jikoni," akasema, "mpeeni kuku."

Meneja hakungoja chakula kiishe. Alimwendea Joash akamwambia anataka kile alichosikia, na mama huyo asibadilishwe. Kijana wa nyuzi tano, nimpe haki yake, alikuwa ameshafunga gita lake kwenye begi bila kuambiwa, na akaenda kumpa Mama mkono. Joash alipiga pasi uso wake ukawa laini. Sasa Siala Jazz wako Karen kila Jumapili, na kwenye bango la langoni, ambalo nililichapisha mimi mwenyewe kwa rangi isiyopotoka hata nukta, aliye katikati ni yeye, peku. Picha nilimwachia mwenzangu aipange. Mimi nilishughulika na maandishi.

Nthiwa ameniwekea kiti changu kando ya jikoni, kimeelekea michongoma. Niko ndani sasa, ila nimetazama nje. Wageni huuliza huyo ni nani aliyeadhibiwa, na wenyeji huwajibu kwa majivuno, huyo ni mkwe wa besi.

Ivyne aliirekodi siku ile yote kwenye simu. Anasema tunaonekana pamoja, mimi chini na mamake juu, mgongo kwa mgongo, kipaza sauti kimoja baada ya kingine. Mjomba Kimanzi amekata hukumu kwamba simu si macho na hakuna kosa kutazama. Usiku mke wangu hunifungulia rekodi hiyo, akanipa simu. Mimi huilaza kifudifudi juu ya meza, nikaweka sikio.